Mwanafunzi Mmoja, Sweta Mbili

Siku Gadiel Sumari alipogundua kwamba wanafunzi wa sekondari wa Arusha walikuwa wanamhitaji, alikuwa amekaa kwenye benchi la duka la vifaa vya ujenzi pale Kijenge, akibembeleza bei ya kilo mbili za misumari.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Baridi ilikuwa imeshuka, Mlima Meru umejifunika ukungu tangu Jumapili kama mgonjwa asiyetaka wageni, na shule zilikuwa zimefungwa siku mbili tu zilizopita. Mbele ya duka vijana watatu wa kidato cha tano walikuwa wakipiga danadana chupa tupu ya maji. Mwenye duka, Mzee Sifael, aliwatazama kwa uchungu wa mtu anayeona bomba linamwaga maji barabarani.

"Ona nguvu hiyo," alisema. "Mwezi mzima watakula ugali wa baba zao na kupiga chupa. Na mimi hapa vibarua wananitajia bei za ajabu kwa kupanga mifuko ya saruji ambayo haitembei wala haiumi!"

Gadiel aliisahau misumari.

Inafaa kusema mapema kwamba Gadiel hakuwa mwizi. Yeye mwenyewe alilisema hilo kila alipohojiwa. Mwizi huchukua, Gadiel alipewa. Alikuwa na mdomo ambao ungeweza kumuuzia mkulima wa Poli ndizi za shambani kwake mwenyewe, na mkulima akamwongezea mkungu mmoja wa watoto. Mjini walimwita Mratibu, kwa sababu kila mpango wake ulihitaji mratibu, na mratibu alikuwa yeye. Alishawahi kuratibu ushirika wa wafuga sungura, sungura wakiwa bado hawajapatikana. Alishawahi kuratibu safari ya kwaya kwenda Nchi Takatifu ambayo, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, iliishia Moshi.

Lakini hata mratibu ana kidonda chake. Kidonda cha Gadiel kilikuwa Kikatiti, hatua chache kutoka barabara kuu ya Moshi: nyumba ya vyumba vinne iliyosimama kuta tupu kwa miaka minne, mbuzi wa jirani wakilala sebuleni na mpapai ukichungulia dirishani kutokea ndani. Mkewe, Brenda, alivumilia hadi mwaka jana, kisha akarudi kwao Usa River akiwa na begi moja na sentensi moja: "Utaniita ukishapata bati." Tangu hapo Gadiel alikuwa akinunua misumari kidogo kidogo, kama anayejenga kwa kijiko.

"Mzee wangu," alisema sasa, na sauti yake ikashuka kama ya mchungaji anayekaribia kutangaza sadaka. "Ina maana habari ya kampeni haijakufikia?"

"Kampeni gani? Ya chanjo ya mbwa?"

"Ajira za Likizo. Wafanyabiashara wenye maono wanampokea mwanafunzi wa sekondari mwezi huu, wanamfundisha kazi. Mshahara hamna. Chakula cha mchana tu."

Mzee Sifael alikuwa anapima waya. Akaacha kupima. "Umesema mshahara…?"

"Hamna, mzee. Mwanafunzi halipwi. Analelewa."

Neno hilo lilimwingia Mzee Sifael taratibu, kama chai ya tangawizi. Kumlea mtoto wa mwenzako huku anakupangia saruji! Ni mara chache utakatifu na faida hukaa kwenye kiti kimoja, na mzee hakutaka waachane.

"Na mimi natakiwa kutoa nini?"

"Karibu hakuna. Tunajenga kituo cha vijana huko Kikatiti, pa kuwaandikisha na kuwapa mafunzo. Kuta zipo tayari. Wengine wanatoa mfuko wa saruji, wengine bati mbili tatu. Kwa kadiri ya moyo. Mwisho wa likizo tunamtangaza Mwajiri Kinara wa Vijana, Kanda ya Meru." Gadiel akatulia kidogo, kisha akaongeza kama aliyekumbuka jambo dogo. "Nikitoka hapa naenda Themi kwa Mama Prisca. Nasikia anataka kuchukua wawili."

Mzee Sifael akaushika waya kwa nguvu.

Mama Prisca alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwenye kiwanda kidogo cha mikate Themi, na walikuwa hawajasemeshana kwa miaka mitatu. Mama yao alipofariki aliacha mtamba mmoja wa maziwa. Kaka alisema mtamba ni wake kwa kuwa ni mkubwa. Dada alisema ni wake kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimkatia majani. Mtamba alibaki kwa jirani, na wao walibaki na kinyongo. Usharikani walikaa pande mbili, wakasalimiana kupitia kwa mwinjilisti. Mji mzima ulilijua jambo hilo, lakini ni Gadiel peke yake aliyeona kwamba ndugu wasiozungumza ni sawa na duka lenye milango miwili isiyoonana.

"Niletee mmoja kesho," alisema Mzee Sifael. "Mwenye mgongo. Na hizo bati nitaziangalia."

Huko Themi, Mama Prisca alisikiliza kampeni yote akiwa amesimama, mikono imejaa unga, bila kutia neno mpaka alipolisikia jina la kaka yake.

"Sifael amechukua mwanafunzi? Yule anayehesabu majani ya chai?"

"Amesema anaona fahari kuliko mtu yeyote Arusha."

"Basi wa kwangu awe na akili kuliko wa Sifael."

"Mama, wa kwako nimekuwekea wa sayansi."

Akaahidi mbao za kenchi ya paa. Alikuwa ameangusha mikaratusi yake mwaka juzi kwa ajili ya kupanua kiwanda, na mbao zilikuwa bado zimepangwa uani, zimekauka vizuri.

Sasa ikabaki kumpata mwanafunzi. Msomaji atasema wanafunzi walijaa barabarani. Ni kweli, lakini mwanafunzi wa kweli ana mama, na mama ana simu. Gadiel alihitaji mwanafunzi asiye na mtu wa kuuliza kasomeshwa nini, na mtu huyo alimfahamu.

Yona alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alikuwa mfupi, mwembamba, na kidevu chake kilikuwa laini kama yai, kana kwamba siku ya kugawa ndevu alitumwa dukani. Alikuwa amepita kwenye kazi nyingi za mjini bila kazi yoyote kumkumbuka. Gadiel alimkuta kwenye kibanda cha mtori, akamwagizia bakuli, kisha akamwekea mezani sweta mbili za shule za mtumba: moja ya damu ya mzee, nyingine ya kijani.

"Kaka, mimi nina mtoto darasa la tatu," alisema Yona.

"Vizuri. Muige."

"Na kwa nini sweta mbili?"

"Asubuhi unaitwa Joel, unaoka mikate Themi. Mchana unaitwa Ezra, unapanga saruji Kijenge. Nyumba ikiezekwa, chumba kimoja ni chako, bure, wewe na mwanao. Nakuapia kwa mlima huo."

Yona akageuka kuutazama mlima. Ukungu ulikuwa umeufunika wote. Akavaa ya damu ya mzee.

Kuanzia kesho yake, mwanafunzi mmoja aliyekuwa wawili akaanza kazi. Alfajiri alikuwa Themi akikanda unga, anapanga mikate kwenye mifuko, anakwangua masinia. Saa tano na nusu anaaga, anavuka mto kwa miguu, anaingia kwenye migomba ya ukingoni akiwa Joel na kutoka upande wa pili akiwa Ezra. Saa sita na robo yuko Kijenge na mfuko wa saruji begani.

Hatari hazikukosekana. Siku ya tatu alifika kwa Mzee Sifael akiwa na unga masikioni.

"Hicho nini?" aliuliza mzee.

"Chaki, mzee. Nilikuwa najisomea."

Kesho yake Mama Prisca aliona nywele zake zina kijivu. "Joel mwanangu, una mvi?"

"Fizikia, mama," alijibu Yona kwa huzuni, na mama wa watu akamwongezea andazi.

Gadiel naye hakulala. Alichapisha bango la kitambaa, AJIRA ZA LIKIZO: MPE MWANAFUNZI KAZI, akalitundika juu ya meza aliyopewa nje ya duka moja la vifaa vya shule. Bango lilikuwa la kuwaonyesha wafanyabiashara tu. Hakufikiria kwamba wanafunzi nao wanajua kusoma.

Wa kwanza kuja alikuwa msichana mrefu, kitabu cha mazoezi kwapani.

"Shikamoo, anko. Naitwa Nalepo, natokea Ngaramtoni, kidato cha tano. Nimekuja kujiandikisha."

"Marahaba, binti. Nafasi zimejaa."

"Zimejazwa na nani? Nimeuliza shule nne, hakuna hata mmoja aliyepata."

"Kuna shule nyingine," alisema Gadiel.

"Naomba basi uniweke kwenye orodha ya kusubiri."

"Orodha haijafika."

Nalepo akafungua daftari lake, akachora mistari kwa rula, akaandika juu ORODHA YA KUSUBIRI, jina lake likawa la kwanza. Akaligeuza ili Gadiel alione. "Sasa imefika, anko."

Alirudi kesho yake, akarudi na keshokutwa. Kila siku majina yalikuwa yameongezeka. Hakuwa na ukorofi wowote. Alisimama tu pale kwa adabu, kama maji chini ya mlango. Alimweleza Gadiel kwamba anataka kujifunza kuoka, kwa sababu kwao kuna tanuri la udongo na hakuna anayejua kulitumia tangu bibi yake alipoishiwa nguvu. Gadiel, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu ambacho kweli kilikuwepo, alijikuta anaangalia pembeni. Siku ya nne alihamishia meza upande wa nyuma.

Yona ndiye aliyeanza kuharibika. Jioni moja ya wiki ya pili alikuja kwa Gadiel akiwa na sweta zote mbili mkononi, akakaa.

"Vipi, mwanafunzi?"

"Mkuu, leo Mama Prisca kanipakulia kabla ya kujipakulia mwenyewe. Kasema mikate yangu inaumuka kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kumfanyia kazi." Yona akakuna kidevu chake kisicho na kitu. "Mimi hakuna mtu amewahi kuniambia nimefanya kitu vizuri. Hata shuleni, nilipokuwa nasoma kweli."

"Ndiyo uzuri wa mchongo huu. Umelipwa mpaka sifa."

"Huu mchongo ni noma, kaka. Tuuache."

"Tuuache kuta zikiwa hazina bati? Bado wiki moja, Yona. Moja!"

Yona akamtazama kwa muda mrefu, kwa jicho ambalo Gadiel angelichunguza vizuri kama angekuwa mtu wa kuchunguza yanayomhusu. Kisha akasema sawa, akaondoka.

Na kweli, wiki hiyo baraka zilimfuata Gadiel mpaka akaanza kuona haya. Jumamosi Mzee Sifael alimwita ndani, akafunga mlango, akamkaribisha chai, chai yenyewe ina maziwa.

"Nasikia Prisca ametoa mbao za nyumba nzima," alisema mzee.

"Ana moyo mkubwa, mzee wangu."

"Mimi nitatoa bati za nyumba nzima. Na misumari. Na saruji ya sakafu. Na gari langu litapeleka."

Gadiel alilazimika kuweka kikombe chini.

"Ila nataka hati," aliendelea mzee. "Nisije nikatoa mali yangu halafu Prisca akajisifu kituo ni chake. Twende kwa wakili, uandike kwamba ile nyumba ni kituo cha wanafunzi. Basi."

Gadiel alikuwa ameandika hati nyingi maishani. Alizipenda: zina mihuri, zina lugha ya 'kwa kuwa' na 'kwa hiyo basi', na mtu akishaiona ndefu hutafuta tu mahali pa kutia sahihi. Jumatatu asubuhi, kwenye ofisi ya wakili, aliwekewa kurasa nne. Akaiona ndefu. Akatafuta mahali pa kutia sahihi. Wakili alimuuliza mara mbili kama amesoma.

"Mheshimiwa," alisema Gadiel, "mimi ni mtu wa karatasi," na akatia sahihi kwa mkunjo mrefu wa mkia.

Mchana huohuo Mama Prisca naye akampigia simu: mbao zimeshapakiwa, na ameongeza mafundi watatu, posho na chakula juu yake. Mtu mwingine angejiuliza inakuwaje ndugu wasiosalimiana wanatoa kenchi na bati siku moja, tena vinafika Kikatiti kwa gari moja. Gadiel hakujiuliza. Aliyezoea kupewa huona mvua ni haki yake.

Kwa siku tano mafundi waligonga. Gadiel alikwenda kutazama siku ya kwanza tu. Siku zilizobaki Mzee Sifael alimtuma hapa na pale mjini kutafuta picha za kampeni, na yeye alitii, kwa kuwa mtoa bati hana makosa. Alhamisi alipigiwa simu na fundi kwamba kofia ya paa imeshagongwa. Alikaa kwenye kitanda cha chumba chake cha kupanga, akaishika simu kwa mikono miwili, akampigia Brenda.

"Rudi, mke wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa na cha kuongezea.

Jumamosi saa nne asubuhi walitokea barabara kuu kwa gari la kukodi dogo lenye godoro, meza na masufuria nyuma. Ukungu ulikuwa umepanda, na Meru ulionekana wote mpaka kileleni. Gadiel alikuwa amemwahidi mkewe utulivu wa kijijini. Lakini walipokaribia, walisikia ngoma za kwaya.

Uwanja wake ulikuwa umejaa watu. Kulikuwa na viti vya kukodi chini ya turubai, masufuria makubwa ya machalari ya ndizi na nyama yakitoka mvuke, mwenyekiti wa kitongoji amevaa koti, na wanafunzi wapatao thelathini wenye sweta za rangi zote za shule za mkoa. Bati zilimeremeta mpaka mtu akafumba macho. Na juu ya mlango wake, kwenye ukuta wake mwenyewe, lilitundikwa bango lake mwenyewe. Chini ya bango, utepe mwekundu. Kwenye utepe, bega kwa bega, Mzee Sifael na Mama Prisca.

"Mratibu!" aliita mzee kwa furaha. "Tulikuwa tunakusubiri wewe tu!"

Brenda alimgeukia mumewe. "Hawa wote ni wa nini?"

"Ni… majirani," alisema Gadiel.

Miguu yake ilikuwa imeshageuka kuelekea barabarani, lakini Mama Prisca alimfikia kwanza, akamkumbatia kama mwana aliyepotea, akamvuta pembeni nyuma ya mpapai. Kaka yake akawafuata. Mama Prisca akafungua mkoba, akatoa kadi ya mpiga kura. Picha ilikuwa ya Yona. Jina lilikuwa la Yona. Umri nao ulikuwa wa Yona.

"Unajua hii ilikotoka?" aliuliza. "Mwulize kaka yangu."

Mzee Sifael akakohoa. Akatazama migomba. "Mkate ni mkate," alisema hatimaye.

"Miaka mitatu!" alisema Mama Prisca, na sauti yake ilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Miaka mitatu hanisalimii, kumbe kila Ijumaa anamtuma jirani aje kununua mkate wangu kwa siri!"

"Nikafungua mfuko," aliendelea mzee haraka ili sehemu hiyo ipite, "nakuta kadi hii katikati ya vipande. Naangalia picha: Ezra wangu! Naangalia umri: mtu mzima ana miaka thelathini na tatu! Nikavaa viatu nikaenda Themi. Sijakanyaga pale tangu tumzike mama. Nikampa Prisca kadi. Akasema, 'Huyu ni Joel.' Nikasema, 'Huyu ni Ezra.' Tukatazamana. Kwa kweli, Mratibu, tulicheka mpaka tukashikana mikono."

"Na Yona?" aliuliza Gadiel kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

"Jioni ile tulimwita. Hakutusumbua hata dakika moja. Alilia, akaeleza yote, tangu kadi ilivyoingia mfukoni akipanga mikate mpaka habari ya mpapai huu."

Gadiel alimwona Yona kwa mbali. Hakuwa na sweta. Alikuwa na koti jeupe la waokaji na alikuwa anagawa mikate, mwanawe wa darasa la tatu akimshikia kapu. Macho yao yalikutana. Yona hakuinamisha uso, wala hakucheka. Alimpungia mkono kidogo, kama mtu aliyekwishahama.

"Sasa," alisema Mzee Sifael, "kuna njia mbili. Ya kwanza, tunamwita askari, tunamweleza habari ya mwanafunzi mwenye mtoto darasa la tatu. Ya pili, unakwenda pale, unakata utepe, tunapiga makofi."

"Nitakata," alisema Gadiel upesi. "Mzee wangu, mama yangu, nitakata, nitahutubia, watakula. Wakimaliza kula watakwenda kwao, na mimi na mke wangu…"

"Hukuisoma hati," alisema Mama Prisca kwa upole.

Ukurasa wa tatu ulisema, kwa lugha nzuri ya 'kwa hiyo basi', kwamba vyumba vitatu vya mbele vitatumiwa na wanafunzi wa sekondari kama kituo chao kwa miaka kumi, bila malipo. Kwamba mwenye nyumba atabaki na chumba cha nyuma, jiko na choo. Na kwamba atakuwa mlinzi wa kituo na mratibu wake wa kujitolea. Sahihi ilikuwa ile yenye mkia mrefu.

Gadiel aliisoma yote, neno kwa neno, jambo ambalo hakuwahi kuifanyia hati yoyote. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi na aliheshimu kazi ya fundi mwenzake, alisema kimoyomoyo: imeandikwa vizuri sana.

Alikata utepe. Alihutubia pia, maana watu walipiga kelele wakimtaka. Mwenyekiti wa kitongoji alisema ni nadra siku hizi kumpata mtu anayetoa nyumba yake kwa ajili ya watoto wa wenzake, na mama mmoja mzee alimshika mikono yote miwili, akambariki kwa Kimeru kwa muda mrefu. Brenda alimtazama kutoka kwenye gari, kinywa wazi. Katika miaka kumi ya ndoa alikuwa amesikia watu wakimwita mumewe majina mengi, lakini mbarikiwa halikuwamo.

Alipata ukweli wote kabla ya machalari kuisha. Gadiel mwenyewe alimweleza, wamekaa juu ya godoro lao nyuma ya gari. Brenda aligeuka kuitazama nyumba.

"Chumba cha nyuma kina dirisha?" aliuliza.

"Kina moja. Linatazama mlimani."

"Mimi sirudi kwetu na masufuria kichwani watu wakiniona mara ya pili. Shusha godoro."

Sebuleni, mezani, alikuwa amekaa Nalepo na daftari lake, lile ambalo ndugu wale walilitumia kuwaita wanafunzi. Orodha ya kusubiri ilikuwa imebadilishwa kichwa: ORODHA YA KAZI. Yeye na wengine wanne walianza kazi kwa Mama Prisca Jumatatu, chini ya Yona. Watano wengine walikwenda kwa Mzee Sifael. Wote kwa posho ya siku, maana Mama Prisca alisema ameshaona mtu mmoja akifanya kazi za watu wawili kwa andazi, na hataki kulirudia hilo mbele za Mungu. Mzee alinung'unika, dada akamtazama, akaacha kunung'unika. Yule mtamba, ambaye alishazaa mara mbili wao wakiwa wamenuna, waliamua kumwacha kwa jirani na kugawana maziwa.

Lakini walibaki wanafunzi ishirini na wiki mbili za likizo.

"Mratibu," alisema Nalepo jioni ya Jumatatu, akiwa bado na unga kwenye nyusi, "kesho unaanza Usa River. Maduka ya upande wa soko. Na mimi nimeomba ruhusa ya asubuhi, nitakusindikiza."

"Unisindikize kwa nini? Mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana, anko."

Duka la kwanza lilikuwa la vipuri vya pikipiki. Mwenyewe alikuwa mnene, mzito wa kucheka. Gadiel alisalimia, akakaa, akaanza kusema kweli tupu. Alisema kuna wanafunzi ishirini wako likizo. Alisema wanataka kazi. Alisema wana majina, wana wazazi, wana shule, na wazazi wana simu.

Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho. "Rafiki yangu," alisema, "mimi nimezaliwa hapahapa. Hiyo fiksi kawauzie watalii."

Gadiel akapigwa na butwaa. Kwa miaka yote ile alikuwa ameuza sungura wasiokuwepo bila kuulizwa swali. Leo ana wanafunzi ishirini wenye miguu na mikono, na hakuna anayemwamini! Akavua kofia. Akasogeza kiti. Akaanza upya, na safari hii alitia kila alichokijua: ile sauti ya kabla ya sadaka, kule kutulia kidogo, lile jina la jirani lililodondoshwa kama kwa bahati mbaya. Alitoka jasho. Hakuwahi kufanya kazi ngumu namna ile. Baada ya nusu saa mwenye duka alikuwa anafuta jicho.

"Niletee wawili," alisema. "Nitawalipa kwa siku. Wa mahesabu, kama wapo."

"Wapo!" alisema Gadiel, na moyo wake ukapanda kwa raha asiyoijua jina, na mdomo wake, kwa mazoea tu, ukaendelea peke yake: "Na kuna mchango mdogo sana, kwa kadiri ya moyo…"

Mlangoni, Nalepo alifungua daftari.

"…wa maji ya kunywa," alisema Gadiel. "Watoto wanasikia kiu."